Matundu Tuliyoyaziba

Kilburn, Alhamisi, Februari 2003

Makomredi, leo sina hotuba. Nimeandika "makomredi" kwa mazoea tu. Chumbani nipo peke yangu, na sihisi chochote.

Mwezi mzima nimewahubiria wapangaji kwamba nyumba hizi za matofali, zilizosimama zaidi ya miaka mia, zinaweza kutunza joto bila kubomolewa, na kwamba mwenye nyumba anayetaka kuzibomoa ni adui wa mji huu. Nikawaagiza wazibe kila upenyo. Wakaziba kwa magazeti hata yale matundu madogo ya chini ya ukuta, ambayo wajenzi wa zamani waliyaacha makusudi ili unyevu utoke.

Leo Mama Zawadi, mfanya usafi kutoka Bukavu, alinivuta hadi nyuma ya kitanda cha mwanawe. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu.

"Kaka, ni wewe ulituambia tuzibe. Sasa mutoto anakohoa. Ule mulevi wa chini hakukusikiliza, na ukuta wake ni mukavu!"

Akacheka. Ningependelea anitukane.

Miaka mitatu nasomea usanifu wa majengo. Mwenye nyumba akiuona ukuta ule atapata sababu ya kubomoa, na nitakuwa nimempa mimi.

Nilipaswa kuona haya. Labda kesho.

Tangazo kwa wapangaji: Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa. Nitakiri kosa langu mbele ya wote, kisha tutapita nyumba kwa nyumba tukizibua matundu. Kila mmoja aje na bisibisi.