Mavyaa Hataki Kuingia Jiko Nililomjengea

Bi. Nyamvula, shikamoo. Sijawahi kuandika gazetini, na nisingeandika kama si hii Ijumaa inayokuja, kwa hivyo naomba unisaidie kabla haijafika.

Mimi ni mke wa mtu hapa Mjambere, na naishi na mavyaa wangu, Bi. Hafswa, mama yake mume wangu Sameer, ambaye mwaka jana alikatwa mguu kwa sababu ya sukari na sasa anatumia kiti cha magurudumu, na huyu ni mwanamke ambaye wali wake wa nazi ulikuwa ukiombwa kila penye harusi mtaani, basi nikaona uchungu kumtazama ameketi barazani akisubiri sahani kama mgeni, nikasema wallahi nitamjengea jiko. Alipokwenda kwa wifi yangu Lamis kule Likoni kupumzika miezi miwili, nikamwita fundi Kaingu, tukavunja kizingiti tukaweka mteremko, tukashusha kaunta na chini yake tukaacha wazi ili magoti ya mgonjwa yaingie, rafu zote zikawa za kufikiwa na mtu aliyeketi, mfereji wa kusukuma kwa kiwiko, jiko la gesi la swichi za mbele ili mgonjwa asipitishe mkono juu ya moto, na vipimo vyote nilivipima mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha kuazima na tepu mkononi, hadi Kaingu akanambia, "Mama, wewe ungekuwa fundi." Nikaondoa makorokoro, kile kibao chake cha mbuzi cha kukalia na kukunia nazi nikampa jirani Roseline kwa kuwa mgonjwa hawezi tena kukikalia, na siku hizi nazi nanunua iliyokunwa kwa mashine, na nilipomaliza nilisimama mlangoni nikalia kwa furaha, maana sijapata kufanya kitu kizuri kama kile maishani mwangu.

Basi aliporudi nikamsukuma hadi ndani, akatazama huku na huku, akauliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?" Nikamwambia nimempa Roseline. Tangu siku hiyo hajaingia tena, wiki ya tatu hii, na jana alimwambia Sameer, "Ijumaa ukitoka msikitini nipeleke kwa Lamis, nikakae huko moja kwa moja." Watu watasema nimemfukuza mama wa watu. Nimekosa nini, jiko lote lile na yeye anaulizia kibao?

Intisar, Mjambere

*

Marahaba, Intisar mwanangu.

Kwanza nikupe haki yako. Nilipofika kwenye mteremko na ile kaunta nilikupigia makofi peke yangu hapa ofisini. Wako watu wenye vyeti ukutani wanaojenga nyumba nzima bila kukumbuka kwamba kuna anayepika ameketi, na wewe na Kaingu mmekumbuka. Jivune, wala usimwonee mtu haya.

Sasa nikugombeze. Umeandika "mgonjwa" mara tatu, nimehesabu. Bi. Hafswa amekatwa mguu. Mikono anayo yote miwili, na ulimi wa kuonjea tui anao. Ule wali wa harusi ulianzia wapi kama si kwenye kibao hicho? Umejenga jiko la Mswahili, ukasahau mbuzi! Tena ulipima kwa magoti yako na mkono wako, yeye akiwa Likoni. Alipouliza mbuzi yuko wapi, alikuwa anakuuliza humo ndani ana kazi gani, nawe ukamjibu kwamba umeigawa.

Basi leo hii nenda kwa Roseline ukamrudishe mbuzi. Mpe Bi. Hafswa mkononi, umwombe radhi kabla hujajieleza. Kisha Kaingu aje, mavyaa akae mbele ya kaunta, aoneshe yeye mbuzi afungwe wapi. Shangazi yangu wa Changamwe naye yuko kwenye kiti cha magurudumu, na jikoni kwake meno ya mbuzi yamefungwa kwenye ubao mzito, ubao umebanwa kwa skrubu ukingoni mwa kaunta, na chini yake kuna kibao cha kuvuta cha kuwekea sinia. Anakuna nazi kutushinda sote. Lakini Bi. Hafswa akikataa kibao chake kisikatwe kutolewa meno, usimchinje mbuzi wa watu. Kaingu atatengeneza kingine. Nazi ya mashine usiilete mpaka aagize mwenyewe. Na hilo liitwe jiko, basi, si jiko la mgonjwa. Utapika humo na wewe, na siku ukifikisha mimba ya miezi minane utaishukuru kaunta ile.

Ijumaa Sameer akitoka msikitini, aikute nazi imeshavunjwa, iko mbele ya mama yake. Mavyaa akikuita, itika abee, umpe sinia. Najua atakwambia wali wake haupikwi na watu wawili, utoke. Toka, mwanangu. Kaa pale barazani alipokuwa akikaa yeye, usubiri sahani yako.