Ukunga au Upasuaji

Mpanda, Jumapili mchana

Dada Neema,

Shikamoo. Unaendeleaje na mimba yako? Miguu bado inavimba? Shemeji anakuchotea maji, au mgongo unamuuma kila ndoo ikitajwa? Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu Mama anaweka spika, nyumba nzima inasikia, na haya si ya kusikilizwa na kila mtu. Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho hakijatulia.

Muuguzi mkuu wetu amenipa fomu ya kwenda kusoma zaidi. Nichague, nibaki kwenye ukunga au nihamie chumba cha upasuaji. Mwisho Ijumaa. Mwezi uliopita ningejaza ukunga bila kufikiri. Mwaka wa tatu huu nazalisha, na wanawake wa huku wengine huuliza kabisa kama niko zamu. Najua Baba anawaambia watu kanisani kuwa mimi ni daktari wa mifupa, na kaka Yona akishuka kutoka kupasua mbao msitu wa Shume ananiita mkunga mwenye ndevu. Hayo nilikuwa nayacheka tu.

Sasa Jumanne akaja dada mmoja, mimba ya kwanza. Alikuwa ananisikiliza vizuri, ananiita daktari, ananibana mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Uchungu ulipomzidi akaanza kumlilia mama yake kwa Kishambaa. Mwenzio nikafurahi kama mjinga. Nikamjibu kwa Kishambaa hicho hicho, nikamwambia avumilie, na mimi kwetu ni Lushoto, Mtae.

Akauachia mkono wangu. Akavuta kitenge mpaka miguuni, akageukia ukutani. "Toka, kaka," akasema. "Siwezi kuzaa mbele ya kaka yangu."

Nikamwambia mimi ni yule yule wa dakika moja iliyopita. Akabana miguu. Ikabidi nikimbilie wodi ya watoto kumwita muuguzi wa kike, mama mtu mzima, halafu nikabaki kwenye korido na glovu zangu mkononi. Mtoto alitoka halii. Nilisikia kimya kile, Dada, na ninajua cha kufanya, lakini mlango umefungwa. Yule mama akamhangaikia mpaka akalia. Na mimi nililia, sikufichi.

Asubuhi yake mzazi akaniita mwenyewe, anatabasamu, akaniwekea mtoto mapajani. "Mpakate mpwa wako." Wala hakuonekana kukumbuka kwamba alinifukuza. Nikampakata. Sasa mimi pale ni mkunga au mjomba? Wageni wananikubali, wa kwetu ananiona kaka. Na mimi nilikuwa nimepanga kuomba uhamisho nirudi kufanya kazi huko huko Lushoto. Nitamzalisha nani?

Halafu nawaza, hii kazi niliichagua mimi kweli? Bibi alipopooza wewe ulikuwa shule ya bweni, Mama alishinda shambani, Yona alisema kuogesha mgonjwa ni kazi ya wasichana, nikabaki mimi. Nilimwogesha, nikambadilisha nguo, na hakuna aliyesema ni aibu kwa sababu hakukuwa na msichana nyumbani. Ungekuwepo, pengine leo muuguzi ni wewe, na mimi napasua mbao na Yona. Sijui kama ningekuwa na furaha. Wakati mwingine yule dada namkasirikia, wakati mwingine naona alikuwa sahihi, na yote mawili ndani ya saa moja.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya presha asiiruke. Baba mpe shikamoo yangu. Shangazi wa Magoma akipanda huko mwambie sijaoa bado na asitafute mtu. Shemeji naye msalimie.

Fomu iko mezani, haina alama yoyote. Ukiniuliza nitajaza nini, sijui, hilo ndilo jibu langu la kweli. Ila jambo moja nalijua, na ndilo nililokuandikia. Siku yako ikifika, ukikuta wa zamu ni mwanaume, na akakuongelesha Kishambaa, ona aibu yote unayotaka, funika uso, mtukane ukipenda, lakini Dada, usimtoe nje.

Mdogo wako,
Elia