Breki ya Lango

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama. Natumaini hamjambo, na goti la mama limeanza kukunjika. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haina raha.

Uliniuliza nafanya nini huku bwawani, ukanitania kwamba nalipwa kulinda maji yasiibiwe. Basi sikia. Kwenye ekseli ya gurudumu la lango la kutolea maji nimefunga kihisi chenye nyaya mbili. Likizunguka, kila waya hutoa ishara. Ule unaotangulia ndio unaosema kama lango linafunguka au linafungwa. Betri yetu ni ndogo, kwa hiyo chipu inayosoma ishara hizo nimeilaza. Kinachobaki macho ni kipimamuda chake kinachokula umeme kiduchu, kazi yake kuhesabu ishara tu.

Sasa kila asubuhi nikiiamsha chipu, nakuta hesabu imesogea upande wa kufunguka. Na breki ya lango tunaikaza jioni sisi wenyewe, dada! Nilipomwambia mkuu wa bwawa alicheka, akasema nimepachika nyaya kinyume, eti fundi mzima hajui kulia na kushoto. Nikalizungusha gurudumu mbele yake: kufunga kukahesabiwa kufunga. Akasema basi ni mtetemo wa maji. Nikamjibu kuwa mtetemo huenda na kurudi. Hesabu hii haijarudi hata mara moja. Akaniagiza niwe naifuta kila asubuhi ianzie sifuri. Simu zetu nazo akazikusanya, akidai zinavuruga mitambo. Ndiyo maana dereva wa lori anakuletea karatasi hii ndani ya soksi yake, uvumilie harufu.

Nilitaka kuamini kwamba mjinga ni mimi. Jamani, ningefurahi kuitwa mjinga! Lakini dereva huyohuyo ameniambia neno lililonikata maini: juzi alibeba vitanda, makabati na watoto wa mkuu kutoka huko kwenu bondeni, akawapeleka kilimani. Mkuu alimwambia anapaka nyumba rangi.

Dada, tokeni leo. Mama atasema hahamishwi na kidude cha betri. Mbebeni hivyohivyo akigomba. Majirani usiwapelekee salamu zangu, wagongee milango.

Mimi nawapenda, na naogopa. Lori lina nafasi yangu, ila nimemwambia dereva aijaze watoto wa mtaani kwenu. Mimi nabaki kuikaza breki; ikiachwa peke yake haitawangoja mfike juu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi