Chuo Kilichobisha Hodi Karak

Karak, Jumapili

Mdogo wangu Dhafir,

Ulisema kwenye simu, wenzako wa chumbani wakicheka nyuma yako: "Chuo kisichomjua baba hakiwezi kumtaka mtoto. Mtandao huo ni gulio la wajinga." Dai hilo nitaling'oa na mizizi yake, lakini kwanza amani ya Mungu iwe nawe huko Dammam. Mgongo unasemaje? Sisi wazima. Mama bado anatugombeza sote, basi jua afya ipo.

Ulimwambia binti yako Sundus asubiri umtafutie kigogo wa kumsemea. Hakusubiri. Kwenye jukwaa lile la mtandaoni, ambako wanafunzi hujieleza na vyuo huwatafuta, aliweka alama zake na michoro ya visima vya mvua vilivyochongwa chini ya nyumba za mtaa wetu. Juzi chuo kimoja cha Tunis, cha uhandisi wa maji, kikamwandikia chenyewe, kikaomba kuonana naye kwa video.

Mama akavaa nguo yake ya tarizi, akamimina kahawa, akaiweka mbele ya kompyuta bila kuigusa, kama tufanyavyo tukienda kuposa: haionjwi mpaka ombi likubaliwe. Nikamnong'oneza kwamba kahawa hiyo humiminwa na mwenyeji na kuachwa na mgeni anayeposa, na hapa mwenyeji ni yeye. Akaniambia nifunge mdomo, mwenye nyumba yumo ndani ya kioo.

Bi Olfa wa ofisi ya udahili akauliza mbona bibi hanywi. Sundus akafunika uso. "Anakuposa, dada. Hanywi mpaka mnikubali."

Bi Olfa hakucheka. Alisema bibi amekosea upande, waombaji ni wao. Walipitia kazi za vijana wengi, wakasimama kwenye visima vya Sundus. Nafasi ipo, na ada chuo kitabeba. "Kwa hiyo mimi ndiye nisiyekunywa, bibi, mpaka yeye atukubali."

Dhafir, mimi niliyebishana na mawaziri magazetini nilimngojea Bi Olfa aulize sisi ni nani. Hakuuliza ukoo wetu. Hakuuliza jina lako. Mama akasema polepole, "Kumbe mlango huu hauna bawabu," na macho yake yakalowa.

Sasa lile ambalo siwezi kukuficha. Sundus alinigeukia mimi. Nikasema ndiyo, kwa niaba yako. Mama akanywa kahawa, na kwetu neno la namna hiyo halirudishwi.

Mama anakubusu kichwani, na watoto wanakusalimu. Lakini Sundus hajatimiza miaka kumi na minane, na bila ruhusa ya baba hapandi ndege. Basi wewe, Dhafir, nenda ubalozini kabla ya Alhamisi ukaitie saini ruhusa hiyo. Na ninyi mliocheka nyuma ya simu, msindikizeni, kisha wapigieni binti zenu muwaulize wanataka kusoma nini.

Kaka yako,
Nayif