Senge, Hawakupigana

Senge wangu mpendwa,

Unajua mimi ni mtu wa kunyamaza. Wewe ni dada ya baba, na likizo zote nimelala kwako, lakini kuna neno nimekaa nalo tangu Desemba na halijaniacha nisome vizuri. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliandika kwa Kiingereza, nikaona ninajificha.

Unakumbuka asubuhi za kwa Daktari wa utafiti, ulipokuwa ukimtunzia wanyama wake, ukungu bado umekalia majani chai, sisi wawili tukikwangua gamu, ule utomvu wa miti ya wattle, tuwalishe wale tumbili wake wadogo wa ng'ambo? Kwa vile wanatoshea kiganjani, wageni walikuwa wanauliza kama ni watoto. Wewe unawajibu, "Huyo ni nyanya ya mtu, mheshimu." Ulinifundisha kwamba wanazaa mapacha, na kwamba Mama Mapacha, yule jike mzazi, hushika mimba nyingine kabla wale wa kwanza hawajaacha kunyonya. Angekuwa peke yake, ulisema, hao watoto hawangeishi. Yeye ananyonyesha tu, baba anabeba, halafu ndugu zao wakubwa wanapokea. Yule wa kike mkubwa ulimwita Cheplakwet, vile tunavyomwita msichana anayepewa mtoto abebe.

Ulikuwa unalisema hilo jina ukicheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa cheplakwet, Senge. Nilimbeba Kiprono, na kabla hajatembea vizuri nikapewa Chepng'eno, na kabla huyo hajaacha titi akaja Kibet. Wenzangu wakiruka kamba, mimi nimefungwa leso mgongoni. Mama akiniona ananiambia, "Shika mtoto, na usinikunjie uso." Simlaumu. Naye alikuwa amechoka.

Sasa Desemba nikaona tumbo la Mama Mapacha limejaa tena, na wale watoto wa mwisho, wakubwa tayari, bado wanamrukia Cheplakwet mgongoni. Manyoya yake hapo yalikuwa yamekwisha. Roho iliniuma kama ni mimi. Ile siku ulienda soko ya Chepilat kutafuta ndizi, ukaniachia ufunguo. Nikamhamishia Cheplakwet kwenye kizimba cha nyuma, pamoja na kaka yake, asikae peke yake. Nilitaka apumzike tu.

Uliporudi ukauliza, "Hawa wamefanya nini?"

"Wamepigana na wenzao."

"Vibaya?"

"Vibaya sana," nikasema, nikiangalia viatu vyako.

Ukaandika kwenye kadi ya kizimba, ukasema tuwaache watulie siku mbili tatu. Mapacha walizaliwa hiyo Jumapili. Baba yao aliwabeba wote wawili bila mtu wa kumpokea. Jumanne tulimkuta mmoja sakafuni, baridi. Siku iliyofuata, wa pili. Uliwafunga kwenye kitambaa chako cha kichwa, na wewe hukuwa mtu wa kutoa hicho kitambaa ovyo.

Daktari aliuliza, "Nani aliwatoa wakubwa?" Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika ndoo ya uji wao. Ukasema, "Ni mimi, Daktari. Walikuwa wanapigana." Hata hukugeuka kuniangalia. Akakwambia uende nyumbani upumzike kidogo, na sote tulijua hiyo kidogo haina mwisho. Ndivyo ulivyohamia Mulot kwa binti yako. Hapa Kapsoit bado wananiuliza, "Senge yako wa kuua nyani yuko wapi siku hizi?" Mimi natabasamu kama mjinga, napita.

Mama Mapacha yuko karibu kuzaa tena. Alipowapoteza wale hakukaa, alishika upesi. Mzee Nyakundi, yule Mkisii mpole aliyechukua kazi yako na ambaye likizo hii namsaidia, jana alinionyesha kadi. "Ona, binti, hawa wawili hupigana na wenzao mama akikaribia kuzaa. Kesho nawatoa mapema." Alifurahi kabisa kwamba anafuata maandishi yako.

Asubuhi ya leo nilikimbia nikamkuta ameshika kufuli.

"Mzee, hawakupigana."

"Nani hao?"

"Hawakupigana hata siku moja. Nilidanganya. Niliwatoa mimi."

Akamwita Daktari. Nikasema nusu Kiswahili nusu Kiingereza, lakini nilimaliza. Daktari hakunipigia kelele. Alinipa kalamu na kadi, akasema niandike mwenyewe chini ya mwandiko wako. Nikaandika na jina langu nikaweka. Cheplakwet hajatolewa. Ninavyoandika, ameketi kando ya mama yake anamchambua manyoya, na mimi niko nje ya wavu. Kila wakisogea nasimama.

Daktari alitaka kukupigia simu papo hapo. Nilimwomba angoje, usikie kutoka kwangu kwanza. Akasema, "Nakupa hadi Ijumaa." Sijui atakuambia nini. Sijui kama atakuomba urudi, wala kama wewe utataka. Siombi uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu, na uliibeba kazi yangu mbaya mbele yake ukiniamini. Barua nampa dereva wa lori la mahindi anayerudi Mulot mchana.

Leo ni Jumatano. Tafadhali isome kabla simu haijalia.

Ni mimi, binti ya kaka yako.