Barua Yako ya Kazi Haikufika

Papa,

Kuna kitu sijaambia mutu yeyote, hata padri. Ile barua yako ya kuomba kazi ku mashine ya umeme wa maji, sikuifikisha.

Unakumbuka, niliiandika mimi, na Kifaransa changu cha shule. Tangazo lilisema wenyeji baombe kwanza, ndani ya juma moja tu. Ukanituma. Ku geti mulinzi akapiga kelele: "Eh Masika, unamuletea shefu barua ya mapenzi?" Batu ba foleni ya kibarua bakacheka. Haya ikanishika, nikarudi na bahasha ndani ya blauzi. Nikakudanganya: "Bameipokea, Papa."

Kampuni ikaandika kwamba hakuna mwenyeji aliyeomba. Ilikuwa kweli! Ndiyo sababu Injinia, yule Muhindi, akapewa visa ya kazi. Na wewe, mwenye uliendesha mashine ya misioni miaka yote ile, ukachukuliwa kibarua, kutoa majani mu mufereji.

Lakini mimi niliona. Ile siku nimekuletea bugali, mashine inatetemeka, Injinia anafungua kitabu, anafunga. Ukasimika mupini wa jembe ku chuma ya mashine, ukaweka sikio ku ncha ingine, ukafumba macho. "Roulement ya kushoto. Inalia." Bakafungua: ile pete ya chuma imepasuka. Injinia akavua kofia, akaishika ku kifua kama mutu ku misa. Nikajisemea: Kumbe ninaishi nyumba moja na mutu wa namna hii!

Tangu tukuzike, Injinia naye anasikiliza mashine na mupini. Nimemuona. Ku matanga alikuja, Mama akamunyima kiti: "Mwenye alikula kazi ya bwana yangu hapana kukaa kwangu!" Akabaki amesimama. Mvua ikamunyea, hakuondoka.

Sasa visa yake imeisha, kesho anapanda ndege ku uwanja wa Rughenda. Ametuma mutu kusema atapita jioni hii kutuaga. Mama ameapa atafunga mulango. Hajui kwamba mwenye alikula kazi yako ni mimi.

Pumzika, Papa. Kama unaweza, usinikasirikie sana. Ninakuahidi Injinia ataondoka na jina safi, hata kama Mama atanipiga, hata kama hatanisemesha tena.

Ninasikia sandali za Mama mu korido. Mukono ulishaanza kuvuta daftari nifunike karatasi.

Hapana. Ibaki wazi. Anaingia.

Masika wako