Radhi Siombi

Mpendwa Shangazi,

Huku hatujambo, mtoto ameota jino. Ni kweli nimesimamishwa ile kazi ya kukagua tiketi uwanjani uliyonitafutia. Jumamosi shabiki mmoja alianguka jukwaani, hapumui. Niliacha lango, nikapiga magoti, nikaanza kumkandamiza kifua. Msimamizi akafoka, "Rudi langoni! Daktari anakuja!"

"Basi njoo uniondoe wewe," nikamjibu.

Nilisikia ubavu wa yule baba ukivunjika, sikuacha, mpaka ikaletwa mashine ya kushtua moyo, naye akavuta pumzi.

Sasa wanataka niombe radhi kwa maandishi. Najua utanisihi niandike. Shangazi, siandiki. Jana mgonjwa mwenyewe alinipigia simu, sauti nyembamba, akauliza mechi iliishaje. Nikamwambia tulifungwa. Alitukana vizuri sana.

Mwanao mkaidi,
Kifungua mimba wa kaka yako